Re: CPD haina muhuri wa kutokea, klabu imeshikilia dhamana

MwendoPole:
Habari zenu ndugu. Klabu ya magari iliyotoa CPD (Carnet de Passages en Douane, kitabu cha forodha cha kuingiza gari nchi ya kigeni kwa muda bila kulipa ushuru) imegoma kuachia dhamana niliyoweka. Ukurasa wa nchi ya kwanza una muhuri wa kuingia, wa kutoka haupo. Ukurasa wa nchi iliyofuata umegongwa yote miwili, na gari sasa liko nje ya nchi zote mbili. Wanataka ile fomu ya kuthibitisha gari liko wapi. Maswali mawili tu: nani anaisaini, na je, wanapokea skani au lazima karatasi yenyewe?

KitabuWazi:
Kabla ya fomu, fungua kitabu uhesabu vipande vilivyobaki kwenye ukurasa huo. Cha chini huchanwa na forodha ya kuingilia, cha kati huchanwa na forodha ya kutokea, cha juu hubaki kitabuni na mihuri yote miwili. Kama cha kati bado kimo, forodha hawana habari kwamba gari limetoka, na hapo una kazi. Kama kimechanwa ila wamesahau kugonga kile cha juu, basi ushahidi wanao wenyewe. Klabu iwaandikie ikitaja namba ya CPD na namba ya ukurasa. Watu wanahangaika na fomu wakati tatizo lao ni hili la pili.

DadaNjiaPanda:
Nenda ubalozi wetu na kadi ya gari na pasipoti. Wakigonga, yamekwisha.

KitabuWazi:
Dada, samahani, tusipotoshane, hizi ni hela za mtu. Anayetakiwa kusaini ni ofisa wa ubalozi wa nchi ambako ukurasa ulipaswa kufungwa, au mamlaka ya nchi ambako gari limeonyeshwa: forodha, polisi na wa aina hiyo. Ubalozi wetu hauhusiki, labda kama nchi yenyewe ni yetu. Na ofisa alione gari, asome namba ya chasisi iliyopigwa kwenye bodi, si kunakili kadi. Namba ya kisasa ya tarakimu na herufi 17 haina I, O wala Q. Ukiona O kwenye CPD yako, ujue karani aliandika vibaya sifuri, na karatasi zako hazitalingana mpaka irekebishwe na klabu. Kufuta kwa kalamu mwenyewe ni kuiharibu CPD nzima.

TaaZaMbele:
Nyongeza kuhusu muda, maana klabu nyingi hutisha watu. Kwa mkataba wa New York wa 1954 wa kuingiza magari binafsi kwa muda, forodha wasipoijulisha klabu ndani ya mwaka mmoja baada ya CPD kuisha kwamba ukurasa haujafungwa, haki ya kuidai klabu ushuru imepotea. Wakijulisha kwa wakati, klabu ina mwaka mwingine wa kuleta uthibitisho kwamba gari lilitoka. Kwa hiyo klabu kuzuia dhamana si wizi, inajikinga, kwa sababu wao ndio watakaodaiwa. Waulize kwa maandishi: je, mmepokea dai lolote? Halafu piga nakala ya ukurasa wa nchi iliyofuata. Mihuri ya huko nayo ni ushahidi, gari haliwezi kuwa nchi mbili kwa wakati mmoja.

MwendoPole:
Asanteni sana. Kipande cha kati hakimo, kimechanwa. Hilo la skani je?

Kilomita_Sifuri:
Mnazungumzia CPD tu, na bima je? Kuna mtu huku ndani aliwahi kuandika kwamba Kadi ya Kijani (hati ya kimataifa ya bima ya gari, inayotumika hasa Ulaya) inakufikisha mpaka nyumbani. Si kweli. Kwa Afrika ni Morocco na Tunisia, basi. Na hata ndani ya orodha, tazama vile visanduku vya herufi za nchi: kilichokatwa mstari hakina bima. TR (Uturuki) hukatwa mara nyingi, au bima yako inaishia upande wa Ulaya wa Uturuki na ukivuka Bosphorus uko peke yako. Soma mkataba wa bima wenyewe, kadi haisemi yote. Tena ni bima ya mtu wa tatu tu. Gari lako likibondeka, ni lako.

DadaNjiaPanda:
Na siku hizi si lazima iwe ya kijani, tangu Julai 2020 inaruhusiwa kuchapwa kwenye karatasi nyeupe. Polisi akibisha, usibishane naye sana, mwonyeshe namba ya bima na jina la ofisi ya taifa ya bima za magari lililoandikwa hapo.

Kilomita_Sifuri:
Hapo uko sahihi. Ukishuka huku kwetu ni Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika). Hainunuliwi peke yake, inashikizwa kwenye bima ya mtu wa tatu. Mwenye gari la kigeni hukata bima kwenye nchi ya kwanza iliyo ndani ya mpango, na kadi huongezwa juu yake. Inalipa madhara ya mtu wa tatu na matibabu ya dereva na abiria. Tarehe za kadi zisizidi za bima, na nchi zote unazopita zionekane kwenye kadi kabla hujaondoka dirishani.

MzeeWaReli:
Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini Kadi ya Njano ikabaki inafanya kazi. Makampuni ya bima yameelewana kuliko mawaziri. Umoja wa forodha tunaimbiwa kila mkutano wa wakuu, na gari binafsi bado linaombewa kibali cha muda mpakani.

TaaZaMbele:
Mzee, siasa tuziache leo.

MzeeWaReli:
Karatasi za mpakani ndizo siasa, mwanangu. Haya, niseme la vibandiko vya herufi za nchi nyuma ya gari basi. EAT ya Tanzania, EAK ya Kenya, EAU ya Uganda, na EAZ ya Zanzibar. Ukikiona kimoja kwenye barabara kuu za huku ughaibuni, moyo unaruka.

KitabuWazi:
Moyo uruke, lakini kipimo kiwe sahihi. Herufi nyeusi juu ya duara dufu jeupe, kimo cha herufi kisipungue sentimita 8. Kwa herufi tatu kama zetu, duara liwe angalau sentimita 24 kwa 14.5. Kile kidogo cha 17.5 kwa 11.5 ni cha nchi zenye herufi moja au mbili, na ndicho kinachouzwa kila mahali.

DadaNjiaPanda:
Jambo jingine, kwa wenye kibali cha ukaazi Umoja wa Ulaya: msiendeshe huku gari la namba za nyumbani mkidhani ile miezi 6 ya kuingiza gari bila ushuru inawahusu. Msamaha ule ni wa anayeishi nje ya Umoja. Mkaazi akikamatwa anadaiwa ushuru na VAT, hata kama gari ni la shemeji aliyekuja kutembea. Kuna vighairi, kama mwenye gari kuwepo ndani ya Umoja na kumpa mkaazi ruhusa, kwa hiyo barua ya mwenye gari ikae ndani ya gari.

Kilomita_Sifuri:
Na trela ina CPD yake. Usiiandike kwenye ya gari.