Treni ya kilomita 120 kwa saa: yatutosha, au tumejipunja?

Ndugu zangu, tangu mkataba wa SGR, reli mpya ya kisasa, ya Malaba hadi Kampala usainiwe Oktoba 2024 na Waturuki wa Yapi Merkezi, lawama ni ileile: abiria wa Uganda atakwenda 120 kwa saa, wakati Mtanzania anakwenda 160 na Mfaransa alishafika 574.8. Mimi nasema 120 yatosha. Anayepinga aje na hesabu.

Ile 574.8 ya tarehe 3 Aprili 2007 haikuwa safari ya abiria. Treni ilipunguzwa ikabaki mabehewa matatu kati ya vichwa viwili, ikafungwa magurudumu makubwa, nyaya zikakazwa, umeme ukaongezwa. TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, inapobeba watu haizidi 320. Hata Mallard ya Uingereza, treni ya mvuke iliyogusa 203 mwaka 1938, ilikuwa kwenye mteremko, na beringi yake ikaharibika kwa joto.

Njia yetu ni kilomita 272. Bila kusimama popote, kwa 120 ni saa mbili na dakika 16. Kwa 160 ni saa moja na dakika 42. Tunagombania dakika 34! Juzi takisi yetu ilikwama Mukono zaidi ya saa nzima. Mama jirani yangu alipakata trei mbili za mayai, na kila dereva alipokanyaga breki alizikumbatia kama mtoto. Huyo anataka treni inayoondoka saa iliyoandikwa.

Wa Jinja: Hesabu ni sahihi, kaka, ila umeruka kona. Reli ikishachorwa kwa 120, kona zake hazinyooki kwa kununua kichwa kipya. Ile reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, ilifika Kampala 1931 na mizigo bado inapita juu yake. Hii pia wataikuta wajukuu.

Wa Malaba: Nyote mnaongelea abiria. Deni la reli hulipwa na makontena. SGR ya Kenya ilifika Naivasha 2019. Isipokutana na yetu hapa mpakani, kontena litashushwa kwenye treni, lipande lori, lipande treni tena. Hapo 120 na 160 zina tofauti gani?

Mwanzisha mada: Wa Jinja, kwa kona umenibana, nakubali. Lakini pesa ikitosha jambo moja tu, mimi naiweka Malaba, reli zikutane.