Tupeane uzoefu: kituoni ulikutana na askari wa aina gani?

Mkazi wa Buhongwa
Wakuu habari zenu, leo tuongelee polisi ila sio kwa matusi, kila mtu aeleze kilichomkuta mwenyewe hapa Mwanza. Naanza. Mdogo wangu alikamatwa ijumaa usiku kwa ugomvi, asubuhi tunaenda kumwekea dhamana tunaambiwa elfu hamsini "ya karatasi". Na ukutani nyuma ya askari wa kaunta bango linasema dhamana ni bure! Mama akafungua fundo la kanga akaanza kuhesabu hela ya dagaa, noti zimekunjamana. Nikamshika mkono nikauliza kwa adabu, afande, risiti tutapata? Akanyamaza, kisha akasema kaeni pale. Tumekaa mpaka saa nane mchana ndo dogo katoka, nikasaini tu, hatujatoa hata mia. Ila ile mikono ya mama inayohesabu bado inaniuma.

Mvuvi Kirumba
Pole sana ndugu. Yangu ni nzuri. Tuliibiwa mashine ya mtumbwi, ikaja kupatikana kwenye nyumba moja upande wa Sengerema. Mpelelezi alikuwa mama wa makamo, hakugusa kitu mpaka mwenyekiti wa mtaa kafika, akamulika tochi kwenye namba ya mashine akaisoma kwa sauti tarakimu moja moja sisi tunafuatisha kwenye risiti yetu, akaandika hati ya kukamata mali, wote tukasaini mpaka mwenye nyumba. Mwenzangu akawa analalamika anatuchelewesha. Kesi ilivyofika mahakamani upande wa pili wakakomaa kwamba sio mashine ile, na ile karatasi ndo ilitubeba. Tulimpelekea sato wawili akakataa kata kata.

Boda Nyakato
Mimi nilikosa kweli, sina helmeti. Trafiki akasema toa elfu tano tumalizane. Nikamwambia niandikie afande. Faini ya boda ilishushwa toka 30,000 mpaka 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22 na unalipa kwa control number, lakini wengi wetu tunaona tano ni nafuu, na mimi nimeshaitoa mara nyingi tu. Tusiwalaumu wao peke yao.

Dada wa Igoma
Nilimpeleka jirani kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kapigwa uso umevimba, kaunta anaulizwa mbele ya watu "ulimfanyia nini mumeo". Alitaka kuondoka. Bahati akapita askari wa dawati la jinsia akamwingiza chumbani, akafunga mlango, akamletea maji kwanza ndo akachukua kalamu.

Mzee mstaafu
Nimelitumikia jeshi la polisi miaka mingi. RB, ile namba ya taarifa yako kituoni, ni bure. Kwa makosa ya kawaida wakishindwa kukufikisha mahakamani ndani ya masaa 24 unatakiwa upewe dhamana. Maelezo yako usomewe kabla hujasaini. Ukikwama muone OCS (mkuu wa kituo), akishindwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), na ukiombwa rushwa piga 113 TAKUKURU. Hayo nayajua vizuri, na bado kuna kijana nilimsainisha bila kumsomea, foleni ilikuwa ndefu nikajisemea yaleyale tu. Kumbe kuna sehemu nilikosea, akasota mahabusu.

Mkazi wa Buhongwa
Asante kwa ukweli wako mzee wangu, shikamoo. Huyo kijana mlionana tena?

Mzee mstaafu
Marahaba. Mara moja, kwenye kivuko cha Kamanga, anauza karanga. Nikamwomba radhi palepale, akanifungia pakti moja na hela akaikataa.