Carina inadunda nyuma kama ngalawa: shokapu nibadili mwenyewe nyumbani au nimwachie fundi?

Kishindo_wa_Wesha

Assalam alaykum jamani. Nina Toyota Carina TI, automatiki, makaazi Wesha, Pemba. Tangu msimu wa karafuu uliopita gari si ile tena. Nikipita tuta, nyuma inanyanyuka, inashuka, inanyanyuka tena, kama ngalawa iliyopishana na boti. Nikiingia shimoni nasikia gudu! zito. Halafu kwenye vijishimo vidogo kuna mlio mwengine kabisa, kong kong kong, upande wa kushoto. Bi mkubwa akikaa nyuma anashika kiti cha mbele kwa mikono miwili na kusoma kila dua anayoijua.

Jana nimeinama kuchungulia. Shokapu ya kushoto (lile bomba linalotuliza mdundo wa gari) ina oili kutoka katikati mpaka chini, vumbi limegandia juu yake limekuwa kama ugoro. Ya kulia ni kavu. Na kosa nalikiri: msimu mzima nilikuwa napakia magunia ya karafuu kwenye buti kutoka shamba, na kiti cha nyuma wamekaa watu watatu.

Fundi anataka elfu 50 ya kazi tu, shokapu ninunue mwenyewe. Hiyo 50 ndiyo inayoniwasha, maana nimeona vidio watu wanabadili mbele ya nyumba zao na saa mbili hazifiki. Jeki ninayo, seti ya spana ninayo, nguvu alhamdulillahi. Sasa niambieni: kazi hii inawezekana kwa mtu asiye fundi? Nibadili ile inayovuja peke yake? Na za mtumba zina faida?

Spana17

Wa alaykum salaam. Inawezekana. Miye mwalimu wa skuli, si fundi, na nimeshabadili za Corolla 110 yangu, ambayo nyuma yake na hiyo yako ni ndugu.

Kabla hujatoa hata senti, kandamiza gari kwa uzito wako wote pale pembeni mwa buti, kisha achia. Nzima itapanda mara moja na kutulia. Ikipanda na kushuka mara mbili tatu, shokapu imekwisha hata kama haivuji. Fanya pande zote mbili. Pitisha na kiganja juu ya tairi za nyuma: ukisikia mabonde mabonde, juu chini juu chini, hapo tairi imekuwa ikirukaruka barabarani siku nyingi.

Moja peke yake usibadili. Utakuwa na upande mmoja unaotulia na mwengine unaocheza, na ukija kona za kule Mkoani gari itakukumbusha.

Bint_Konde

Huo mlio wa kong kong usiuingize kwenye hesabu ya shokapu. Mimi nilibadili shokapu zote mbili na mlio ukabaki vile vile, nikalia kwa pesa yangu. Ilikuwa stabilaiza linki, kile kifimbo chenye kichwa cha duara huku na huku, kinachofungwa ubavuni mwa shokapu. Gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, ingiza mkono uitikise. Ikicheza hata kidogo, ndiyo hiyo. Bei yake haifiki popote karibu na shokapu, na kwa vile lazima uifungue ili shokapu itoke, badili hapo hapo.

Jongoo_wa_Mwera

Yakhe unajitafutia kazi. Nunua zile raba za kupachika katikati ya springi, gari inanyanyuka, mlio unakwisha, karafuu unabeba. Mimi wa Unguja nimeweka mwaka wa pili huu.

Ami_Gereji

Jongoo, raba inashika springi. Haishiki shokapu. Springi kazi yake kubeba, shokapu kazi yake kuituliza springi isicheze. Ukiweka raba kwenye gari yenye shokapu iliyokufa, umepata gari iliyosimama juu na bado haitulii. Na tairi lako sasa hivi sijui limekaaje, lakini nalihurumia.

Nije kwa mwenye uzi. Mwanangu, miye nafanya kazi hii miaka mingi, na hiyo elfu 50 si ya kufungua nati. Nati atafungua mtu yeyote mwenye bomba refu. Hiyo pesa ni ya springi. Kwenye gari yako springi imebanwa juu ya shokapu, na juu kabisa katikati kuna nati moja inayoshikilia kila kitu. Ukiifungua ile nati kabla springi haijabanwa kwa kibanio chake, springi inaachia kwa mpigo. Nimeona moja ilitoboa bati la banda langu. Kijana aliyekuwa akiifungua alikuwa ameinama pembeni, na mpaka leo hukaa pembeni hata akifungua kopo la rangi.

Kwa hiyo, ndani ya buti unafungua nati tatu ndogo zinazozunguka, basi. Ile ya katikati USIIGUSE ikiwa gari bado imevaa shokapu, wala baada ya kuitoa, mpaka kibanio kiwe kimekaza pande mbili sawasawa na springi inazunguka kwa mkono bila kugusa sahani inayoikalia. Kamba, waya wa nondo, mkanda wa lori, hivyo vyote nimeona watu wakijaribu. Usijaribu.

Kama kibanio huna, fanya hivi: toa mwenyewe zote mbili nzima nzima, zipeleke gereji wakuhamishie springi na mauntingi (kile kikalio cha juu) kwenye shokapu mpya, rudi ufunge mwenyewe. Hakuna fundi atakayekutoza 50 kwa hilo.

Kishindo_wa_Wesha

Ami, shukran sana. Nilikuwa nimeshapanga kutumia waya wa nondo, wallahi.

Nimefanya jaribio la mwalimu. Kushoto imecheza mara tatu, kulia mara mbili. Linki ya kushoto inalegea kama jino la mtoto. Kwa hiyo ni vyote. Napigia simu Unguja niagize, boti ya kesho.

Spana17

Subiri kwanza! Usiseme tu "shokapu za nyuma za Carina". Kwa gari hizi kushoto na kulia si moja, kibati cha kushikia paipu ya breki na tundu la linki viko pande tofauti. Toyota yenyewe inaandika 48530 mwanzo wa namba kwa nyuma kulia, na 48540 kwa nyuma kushoto. Mwambie muuzaji akusomee namba iliyo kwenye boksi kabla hajalipeleka bandarini Malindi.

Na mtumba, kwa maoni yangu, waachie watu wa vioo na milango. Shokapu ya mtumba umenunua uchovu wa mtu mwengine. Ukikosa pesa ya mpya nne, nunua mpya mbili za nyuma. Agiza na raba ya ndani ile inayozuia isigonge mwisho, na kava ya vumbi. Hizo gudu zako ni kwa sababu raba imekwisha kuwa unga.

Mkaazi_wa_Machomane

Mna hakika kwamba usalama umeshasemwa? Sioni.

Unanyanyua nyuma. Breki ya mkono inashika tairi za NYUMA, ambazo ziko hewani. Maana yake haishiki kitu. Weka gia kwenye P, hiyo inashika mbele kama gari yako ni ya kuvuta mbele, na juu ya hapo weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi za mbele. Legeza nati za tairi gari ikiwa bado chini.

Jeki ya gari ni ya kubadilia tairi, si ya kulalia chini yake. Azima stendi mbili za kuegemezea gari. Tofali la tundu linapasuka bila kukuaga. Na udongo wetu huu mwekundu mvua ikiunyeshea, stendi inazama upande mmoja, basi tandika ubao mnene au fanya kazi kwenye sakafu ya saruji. Hapo tu ndipo unaponiona mkali.

Kishindo_wa_Wesha

Khabari mbaya jamani. Boti imekuja, boksi nimelipokea, nimefungua nyumbani: zote mbili 48540. Kushoto mbili. Mwalimu umesema na mie nikapiga simu, muuzaji kanijibu "ndiyo ndiyo, pea". Pea kweli, ya mguu mmoja.

Jongoo_wa_Mwera

Hahaha. Weka raba.

Bint_Konde

Rudisha moja kwa boti hiyo hiyo, usifungue gari. Ukifungua sasa itakaa juu ya mawe wiki nzima na watoto wa mtaa watacheza chini yake.

Ami_Gereji

Wakati unasubiri, faidika nao. Wesha ni pwani, bolti mbili kubwa za chini zinazoshika kila shokapu zimekula chumvi miaka. Kila jioni zipulizie dawa ya kutu, kama huna basi brashi na dizeli. Siku tatu nne. Piga brashi ya waya kwenye nyuzi zinazochomoza, kutu isije ikaivunja nati njiani.

Siku ya kazi: shika kichwa cha bolti kisizunguke, zungusha NATI. Ikishatoka, bolti ikikataa kutoka tunduni, irudishie nati mpaka usawa wa ncha ndipo ugonge, la sivyo utaiponda nyuzi na hutaifunga tena. Kabla ya yote hayo chora mstari wa rangi pale shokapu inapokutana na kile chuma cha tairi. Ukirudisha kwenye mstari wako, tairi itasimama kama ilivyokuwa. Mikono ya chini hukuigusa, kwa hiyo tairi haitakwenda upande.

Jambo jengine. Shokapu ikishatoka, ile sehemu ya tairi na breki yote itaning'inia. Isining'inie kwa paipu ya breki. Ifunge kwa waya (hapo sasa waya wako wa nondo umepata kazi) au weka jeki chini ya mkono.

Kishindo_wa_Wesha

Nimerudi. Ya kulia ilifika Alkhamisi, Ijumaa baada ya sala nikaanza, na ndugu yangu ananishikia taa.

Kiti cha nyuma na kadibodi za pembeni ndizo zilizonitoa jasho kuliko shokapu. Zile nati tatu nilizifikia kwa mkono mmoja huku kichwa nimekiingiza kama mwizi wa kuku. Bolti za chini za kulia zilitoka kama siagi. Za kushoto, ya juu ikatoka, ya chini ikagoma mpaka nikaingiza bomba la maji la mita moja kwenye racheti. Ililia kriiiii mpaka mke wangu akatoka jikoni. Soketi yangu ya 17 imepasuka ubavu, lakini bolti imetoka.

Nikazipeleka zote mbili gereji. Kijana akaweka kibanio, nikasimama mbali kama mlivyoniagiza. Shokapu ya kushoto ilipobaki peke yake nikaikandamiza kwa mkono: inashuka kwa kidole kimoja na haipandi tena. Ya kulia kavu ile, nayo ikapanda polepole kama mzee anayeinuka kwenye mkeka. Raba za ndani zilitoka vipande vipande. Kanitoza elfu 10.

Kitu kimoja sikuwa nimekijua: yule kijana alitaka kuishika ile fimbo ya shokapu mpya kwa pilaizi ili isizunguke pamoja na nati. Mwenye gereji akamfokea. Anasema ukiikwaruza ile fimbo inayong'aa, kila ikipanda na kushuka inakata sili (ile raba inayozuia oili), na mwezi haupiti inaanza kuvuja. Akaishika juu kwenye ncha kwa spana. Na ncha ya springi akahakikisha imekaa kwenye kile kijidaraja cha sahani ya chini, isipande juu.

Kufunga ilikuwa rahisi. Nati tatu za juu kwanza kwa mkono tu, kisha bolti za chini kwenye mstari wangu wa rangi, linki mpya, paipu ya breki kwenye kibati chake, tairi, gari chini, halafu nikakaza tena. Leo nimekwenda Chake na kurudi na bi mkubwa nyuma. Kashika mkoba wake tu.

Ila kuna kitu kidogo, tik tik, nikigeuza ndani ya uwanja. Si kubwa.

Ami_Gereji

Nati za juu ulizikaza tena gari ilipokuwa chini?

Kishindo_wa_Wesha

Za chini ndiyo. Za juu… naenda kuangalia.

Moja ilikuwa ya mkono tu, Ami. Imekwisha.

Bint_Konde

Alhamdulillahi. Sasa gari ya kaka yangu hapa Konde nayo inavuja nyuma, Jumamosi tunataka kuzitoa. Stendi zako tunaweza kuziazima?

Kishindo_wa_Wesha

Si zangu, ni za mwalimu, lakini nazileta. Njooni na soketi ya 17.