Ndege ikichelewa, abiria alipwe au avumilie?

Mleta mada

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Wiki tatu zilizopita baba yangu mdogo alifariki Mwanza, usiku. Sisi hatukai na maiti. Mazishi yakapangwa kesho yake baada ya Alasiri. Saa 5 usiku nikakata tiketi kwa simu, ndege ya saa 1:30 asubuhi kutoka Dar, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mke wangu hajaambiwa.

Saa 1 tukaambiwa tusubiri dakika 40. Saa 2 tukaambiwa ni "sababu za kiutendaji". Saa 3 kasorobo shirika jingine likaita abiria wake wa Mwanza, wakapita mbele yetu wakiburuta mabegi, sisi tunawaangalia. Saa 4 tukagawiwa soda na keki. Tuliruka saa 9:10 alasiri. Nafika nyumbani kwa marehemu, watu wameshatoka makaburini, wananawa mikono wale.

Kuchelewa kwenyewe ningewasamehe. Chombo ni chombo, hata baiskeli inapata pancha. Ila kijana wa kaunta tulipombana alisema ndege yetu ilikuwa imelala mkoani tangu jana yake jioni ikisubiri kifaa. Yaani saa 5 usiku wakati nalipa, walishajua. Wakaniuzia. Na ile ndege ya saa 3 kasorobo, niliuliza baadaye, ilikuwa na viti vitupu.

Sasa hoja. Umoja wa Ulaya wana kanuni namba 261 ya mwaka 2004, ilianza kutumika Februari 2005. Safari ikifutwa bila taarifa ya mapema, au ukifika umechelewa saa 3 na zaidi kwa kosa la shirika, unalipwa kiasi kinachojulikana: euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Huulizwi ulikuwa unakwenda harusini au msibani. Huonyeshi risiti.

Sisi tuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, Tanzania imo na Kenya imo. Lakini huo ni wa safari za kimataifa, na lazima uthibitishe hasara uliyopata. Shirika nalo likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote za msingi kuzuia hasara hiyo, limepona. Kukosa kumzika baba mdogo utaithibitisha kwa risiti gani?

Kuna kichekesho kingine. Ukipanda Amsterdam kuja Nairobi, kanuni ya Ulaya inakulinda, uwe umepanda KLM au Kenya Airways. Ukigeuza ukatoka Nairobi kwenda Amsterdam, inakulinda tu kama shirika ni la Ulaya. Njia ni ileile. Ukianzia kwao wewe ni mtu, ukianzia kwetu wewe ni mzigo unaotembea.

Nasema tuwe na kiwango chetu, kiandikwe kwenye tiketi, kwa Kiswahili. Mnasemaje?

Mkaza Nati

Pole kwa msiba, mkuu. Nimekaa hangani, kwenye karakana ya ndege, miaka mingi, ngoja nikueleze upande ambao abiria hauoni.

Ndege moja ya mapangaboi kwa siku inaweza kuruka vipande sita: Dar, Dodoma, Mwanza, kurudi, Mbeya, kurudi. Asubuhi ikichelewa saa moja, hiyo saa haipotei, inatembea nayo mchana kutwa. Ikifika jioni rubani amemaliza saa zake za kazi kisheria. Viwanja vingine vya mikoani ni vya mchana tu, jua likizama ndiyo basi, safari imehamia kesho. Mashirika makubwa yana ndege ya akiba imeegeshwa. Wewe mwenye ndege tano utaegesha ipi?

Na vifaa. Mnakumbuka Airbus A220 za ATCL (Air Tanzania) zilivyokaa chini 2022 na 2023? Ilikuwa injini za kampuni ya Pratt & Whitney, na walioteseka hawakuwa ATCL peke yao; airBaltic wa Latvia alikuwa kwenye foleni hiyohiyo. Unapanga foleni ya injini kama foleni ya mafuta ya taa enzi zile. Halafu aje mtu adai euro 250 kwenye tiketi ambayo yenyewe haifiki hizo euro 250.

Hata hao Ulaya mnaowasifu, Juni 2025 mawaziri wao wa uchukuzi walikubaliana kutaka zile saa 3 za kuchelewa zipande ziwe 4 kwa safari fupi na 6 kwa ndefu, na Bunge lao likapinga. Mzigo wanauona.

La mwisho, nalisema taratibu. Tarehe 6 Novemba 2022, Bukoba. Hali ya hewa mbaya, ndege ikaishia ziwani, watu 43 ndani, 19 hawakurudi. Mimi sitaki rubani anayekaribia kiwanja huku taksimita ya fidia inazunguka kichwani mwake.

Wakili wa Kinondoni

Mkaza Nati, hoja ya Bukoba inagusa moyo lakini haiingii hapa. Kanuni hiyo ya Ulaya inalisamehe shirika kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wake, na hali mbaya ya hewa ni mojawapo. Rubani akigeuza kwa ajili ya mvua, hakuna fidia. Walipofunga anga Aprili 2010 kwa majivu ya volkano ya Iceland, fidia hiyo haikuwepo, ila chakula na malazi yalibaki kuwa wajibu wa shirika.

Kisichosamehewa kirahisi ni ubovu wa kawaida. Mahakama yao ilishasema mwaka 2008 kwamba hitilafu ya kiufundi inayotokana na uendeshaji wa kila siku wa ndege si dharura. Ni sehemu ya biashara uliyoichagua. Mwenye daladala hasemi gia ni mapenzi ya Mungu.

Mkaza Nati

Kwa maneno uko vizuri, wakili. Sasa nikuulize: nani ataamua kwamba mawingu ya Bukoba siku hiyo yalikuwa mabaya kiasi cha kutosha? Ukiweka malipo, kuanzia kesho yake kila ndege itachelewa kwa "hali ya hewa". Hata Januari jua la utosi Dodoma.

Wakili wa Kinondoni

Taarifa za hali ya hewa za viwanja zinaandikwa kila saa na zinahifadhiwa. Wewe unajua hilo kuliko mimi.

Wa Embakasi

Jameni, nyinyi wa Bongo mnapigana na ndege peke yake. Na kiwanja je?

Agosti 25, 2023 stima zilipotea JKIA, kiwanja chetu cha Nairobi, watu wakakaa gizani usiku mpaka waziri akaomba msamaha. Desemba mwaka huohuo zikapotea tena. Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa kiwanja wakagoma kwa sababu ya ule mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India kiwanja, abiria wakalala nje wakiketi juu ya masanduku. Hapo ndege iko, rubani yuko, mafuta yako, na hakuna anayepaa. Utamdai nani? Shirika litasema si sisi. Kiwanja kitasema wewe si mteja wetu, mteja wetu ni shirika. Na ada ya kiwanja iko ndani ya tiketi yako, imekatwa zamani!

Kama mnaandika sheria, muwaandike wote wawili. La sivyo mtakuwa mnapigwa danadana.

Dada wa Muscat

Assalaam alaikum. Mimi niwaambie kitu kimoja, sisi tunaofanya kazi huku Ghuba hatutafuti hizo euro. Nilikuwa narudi kazini likizo imekwisha, ndege ya kwanza ikachelewa, ya kuunganisha ikaniacha. Nikalala kwenye viti usiku mzima, mkoba nimeufunga mkononi. Nimefika siku moja na nusu baadaye. Mwenye nyumba wangu hakuamini. Akasema umejiongezea siku nyumbani. Akanikata mshahara wa siku mbili, na maneno juu.

Niliomba pale kiwanjani waniandikie karatasi tu, kwamba huyu amechelewa kwa sababu yetu. Yule bibi akanijibu tuma barua pepe makao makuu. Barua pepe ilijibiwa baada ya mwezi.

Karatasi moja yenye muhuri. Hiyo inagharimu nini?

Mpanda Basi

Naona mjadala wa wakubwa.

Basi letu liliharibika baada ya Chalinze saa 4 usiku, tukalala barabarani mpaka alfajiri, mama mmoja ana kichanga. Hakukuwa na soda wala keki. Hakuna aliyeuliza Ulaya wanafanyaje.

Na jambo la pili. Shirika kubwa la ndege la nchi hii ni la serikali. Likilipa fidia, linalipa kwa hela gani? Mkulima wa mahindi wa Sumbawanga ambaye ndege anaiona ikipita juu ndiye atamlipa mheshimiwa aliyechelewa kikao Dodoma. Huyo mheshimiwa naye siku hizi ana treni ya SGR, apande hiyo.

Mleta mada

Mpanda Basi, umenikamata pabaya. Nilikuja na shoka, acha nilishushe kidogo.

Kuhusu basi sina cha kupinga. Aliyekuacha Chalinze na kichanga anastahili kubanwa kuliko aliyeniacha mimi kwenye kiyoyozi. Ila kosa la basi halilihalalishi la ndege. Tukisubiri wa chini kabisa apate haki kwanza, hakuna atakayepata.

Kuhusu mkulima wa Sumbawanga, hapo ndipo nimebadilika, na usiku nilikaa nalo. Nikajiuliza: siku ile pale kiwanjani nilihitaji nini hasa? Sikuhitaji euro 250. Nilihitaji vitu viwili kabla ya saa 3 kasorobo: niambiwe ukweli, na nirudishiwe nauli yangu papo hapo ili ninunue kile kiti kitupu. Ningemzika mzee.

Na kuna mfano. Marekani, pamoja na ukubwa wao wote, hawana sheria ya kumlipa abiria fidia ya fedha kwa sababu tu kachelewa. Walichoweka mwaka 2024 ni kurudisha nauli bila abiria kuomba: safari ya ndani ikichelewa saa 3 au zaidi, ya kimataifa saa 6, na wewe ukaamua hupandi, hela inarudi yenyewe. Hiyo haitoki kwa mkulima. Ni hela yangu, shirika halijanipa kitu.

Kwetu kulipa kwa simu ni dakika moja. Nilipoulizia kurudishiwa, nikaambiwa nijaze fomu na nisubiri siku 21 za kazi. Mtandao ni uleule, namba ni ileile. Hela inajua njia ya kwenda, ya kurudi inapotea?

Kwa hiyo naipunguza hoja, mnipinge upya. Moja, shirika likishajua ndege haitaruka kwa wakati, liache kuuza safari hiyo bila kumwambia mnunuzi, na liwatumie ujumbe wote walionunua. Likificha, hapo lilipe, na hapo sitaki kusikia habari za injini, Mkaza Nati, maana kunyamaza hakuhitaji kipuri. Pili, safari ya ndani ikichelewa zaidi ya saa 2, nauli irudi kwenye simu siku hiyohiyo kwa anayetaka kuondoka. Tatu ni ya Dada wa Muscat: karatasi yenye sababu na muhuri, itolewe palepale.

Mkaza Nati

Ya pili na ya tatu nimekubali bila ubishi. Ya kwanza ina shida: fundi akisema "kifaa kitafika usiku wa manane", ofisi ya mauzo inasikia "itaruka asubuhi". Mara nyingi wala si uongo, ni matumaini.

Mleta mada

Basi wayauze kwa jina hilo. Waandike kwenye tiketi: saa 1:30 asubuhi, kifaa kikifika.

Mpanda Basi

Hiyo ya nauli kurudi kwenye simu, muweke na mabasi humo.