Kopi ya data kwenye storeji ya pili inagoma kumaunti

Wakuu, storeji (mtambo wa kuhifadhi data) ya kwanza inareplikisha, yaani inanakili data yake, kwenda ya pili, sasa nimeunganisha ile kopi kwenye seva ya majaribio, diski inaonekana kabisa ila nikimaunti, yaani kuifungua itumike kwenye seva, inagoma, eti ya kusoma tu. Nimekosea wapi?

— Hujakosea mkuu. Kopi ikiwa bado inapokea mabadiliko storeji inaifunga isiandikwe, maana ukiandika na wewe, kopi na data ya asili hazitafanana tena.

— Piga snapshoti (picha ya data ilivyo wakati huo) ya hiyo kopi, umaunti snapshoti, replikesheni inaendelea zake. Usikate replikesheni kienyeji, mimi nilikata nikaja kukopi upya kila kitu, wikendi yote kwishnei.

— Na usiiweke snapshoti kwenye seva yenye diski mama (ile ya asili), UUID (namba za utambulisho wa mfumo wa faili) zinafanana, XFS (aina ya mfumo wa faili wa Linux) itakukatalia.

— Snapshoti imekubali, asanteni!