Mudomo njo mubaya?! Fundi wa sauti wa ile sehemu, toka kwenye miksa!

Mutoto wa Kamalondo
Jina sitaji, hakuna haja. Kila anayetoka usiku Lubumbashi anamjua: kofia kinyumenyume, miwani ya jua saa nne za usiku, kidole kimoja juu ya miksa kama askofu anayebariki waumini. Ile baa yenye vichekesho vya Alhamisi. Mmeshamjua.

Jana jamaa wa jukwaani amejenga kisa dakika saba nzima. Mama mkwe, mbuzi wa mahari, jenereta isiyowaka. Meza zote kimya, watu wameshika mbavu kabla ya wakati, glasi zimesimama njiani. Anavuta pumzi atoe lile neno la mwisho, na WIIIIIIIIIIIIII.

Larseni, ule mlio mkali wa maikrofoni. Si ile ndogo ya mhubiri wa asubuhi. Hii imetoboa malata. Mbwa wa Kasumbalesa wameamka. Madereva wa malori kule mpakani wamewasha injini wakidhani foleni imesogea. Ule mlima mweusi wa takataka za shaba umepungua mita mbili, nendeni mkapime.

Hayo tungesamehe. Lakini badala ya kushusha gaini, ile nguvu ya sauti inayoingia, bwana mkubwa amechukua mikro ya pili, akawaambia watu waliolipa mlangoni: «Mikro iko muzima. Mudomo yake njo mubaya.»

Mudomo. Yake. Njo mubaya. Yaani mdomo wa msanii ndio wenye kosa!

Fundi, larseni haina uchawi. Mikro inasikia bafle, yaani spika, inapeleka kwa ampli ya kukuza sauti, ampli inarudisha kwa bafle, mikro inasikia tena, kila mzunguko na nguvu zaidi, mpaka chumba kizima kinapiga filimbi moja. Sasa angalia ulivyopanga. Kichwa cha mikro kinautazama mdomo. Nyuma ya mdomo kuna nini? Ukuta. Kwenye ukuta kuna nini? Bafle mbili, umezielekeza barabarani ili wapita njia wavutwe. Yaani mikro na bafle wanatazamana macho kwa macho kama wachumba! Mikro ya kawaida ya sauti inasikia zaidi mbele, na kidogo sana nyuma, kule mkiani kunakoingia kebo. Bafle zisogee mbele ya msanii, hatua mbili tatu upande wa watu, juu ya vichwa, ili mkia wa mikro ndio uzitazame. Ni kazi ya vijana wawili na kebo ya mita 15. Soda mbili.

Halafu akaamuru mikro isogezwe mbali na mdomo. Mbali! Kutoka sentimita 5 kwenda 10, sauti inayoingia inashuka karibu desibeli 6. Kwenye 20 zimepotea 12. Kisha yeye mwenyewe anapandisha gaini kuzirudisha hizo 12, na pamoja nazo anaipandisha bafle inayorudi kwenye mikro. Ni kuzima moto kwa esansi ya gari. Na zile mikro tatu za karaoke zinazolala mezani zikiwa wazi usiku kucha? Mikro nne wazi badala ya moja zinakula desibeli 6 nyingine kabla mtu hajasema neno. Kila moja ina kitufe cha kuizima. Kidole anacho, tumekiona kikibariki.

Eko, ule mwangwi wa kuongezwa, ndiyo usiniulize. Eko ni ya kuimba. Ukiiwekea kichekesho, neno la mwisho linalikuta la kwanza bado linatembea kati ya vigae na malata.

Mudomo njo mubaya. Sijalala.

Kalamu ya Bel-Air
Yaya, unajua sentimita za mudomo ya mutu kuliko bibi yake. Ulibeba rula mu bar?

Kebo Ndefu
Mwenye uzi ana haki kwa bafle, lakini anasahau kazi ya mchana. Larseni inauawa saa kumi na moja, kabla watu hawajaingia. Mikro inasimamishwa palepale msanii atakaposimama, eko imezimwa, ekolaiza ya vitelezi 31, kila kimoja na ngazi yake ya sauti, yote iko katikati. Unapandisha polepole mpaka chumba kianze kulia. Kikilia uiii ya juu, tafuta kati ya 2 na 4 kHz. Kikiguna kama mtu aliye ndani ya pipa, tafuta kati ya 200 na 500 Hz. Kile kitelezi kimoja unakishusha desibeli 3, unapandisha tena, kinalia kingine, unashusha. Mara tatu, nne, basi. Ukiendelea mpaka vitelezi kumi umeikata sauti yenyewe, msanii atasikika kama anaongea ndani ya ndoo. Mwisho unarudi chini desibeli 6 kutoka pale palipoanza kulia, na hapo hapagusi mtu, hata patron mwenye baa. Chini ya 100 Hz kata kwa swichi ya miksa. Huko hakuna maneno, kuna miguu na upepo tu.

Ila na wachekeshaji wetu wanashika mikro kama marapa, kiganja chote juu ya wavu. Ukiyaziba yale matundu ya nyuma, mikro inaanza kusikia pande zote. Hapo mdomo hauna kosa, mkono ndio unalo.

Mutoto wa Kamalondo
Hakushika wavu! Alishika shingo ya mikro kama mtu anavyoshika kuku. Narudia: MUDOMO?

Bukari ya Moto
Kuku inashikwaka mabawa, yaya. Sasa hata kuku hujue.

Mazuti
Mnamwonea fundi. Jenereta ya kVA 5 imebeba ampli mbili, taa, na frigo tatu. Kompresa ya frigo ikiamka inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa kitambo kidogo tu, lakini kinatosha: volti 220 zinaanguka, miksa ya dijitali inazimika, ikirudi inarudi na mipango ya harusi ya Jumamosi, eko juu, gaini juu. Dawa ni ondileri ndogo, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukiyumba, kwa miksa peke yake. Ampli usiichomeke hapo, ondileri italia na kufa. Frigo ziwashwe moja moja, zote ziwe zinatembea kabla onyesho halijaanza.

Na ule mngurumo wa mmmmm chini ya kila kisa ni 50 Hz ya umeme. Miksa imechomekwa baa, ampli imechomekwa jikoni. Zitoe zote kwenye tundu moja la ukuta, mngurumo unakwisha. Wengine wanakata waya wa ardhi. Kweli, mngurumo unanyamaza. Siku moja atanyamaza na msanii.

Mutoto wa Kamalondo
Jenereta haikusema «mudomo njo mubaya». Ni yeye.

Papa wa Kenya
Watoto wangu, sisi wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi tunakumbuka: kundi la maigizo la Mufwankolo lilichekesha mji huu kwa Kiswahili chetu hikihiki, jukwaani, redioni na kwenye televisheni. Mtu aliingia, kabla hajasema kitu watu wako chini wanacheka suruali yake tu. Leo mikro inalia kidogo, mnafungua uzi.

Kalamu ya Bel-Air
Jambo papa. Heshima zote, lakini ile suruali haikushindana na frigo tatu.

Vifuniko Kumi
Nyie bado mko kwenye filimbi? Shida ya ile sehemu ni hesabu. Mnakaa wanne, mnakunywa chupa nane, fakture, bili yenyewe, inakuja ya kumi na moja. Inavyofanyika: dada wa kuhudumia anaondoa vidange haraka haraka, meza iko safi, mnasema ee, huduma nzuri. Chupa tupu zimeenda, ushahidi umeenda. Vidange zibaki chini ya meza mpaka mlipe. Wakikataa, kila chupa ifunguliwe mbele yenu na kifuniko kiingie mfukoni, mfuko wa mtu mmoja tu, asiyecheza. Akicheza vitaanguka. Mwisho mnahesabu vifuniko, hakuna kelele. Angalieni pia kama chupa imekuja tayari imefunguliwa kutoka kaunta: hiyo rudisha, bila matusi.

Baridi Kidogo
Afadhali wewe unahesabu. Sisi tunahesabu Simba za moto! Bia inapikwa humu humu mjini, inashindwa kuwa baridi humu humu mjini? Wanaingiza makreti saa kumi na mbili jioni, yametoka juani, wanajaza frigo mpaka mlango unasukumwa kwa goti. Chupa zimebanana, hewa haipiti, mlango unafunguliwa kila dakika mbili. Frigo hiyo itaanza kupoza kesho asubuhi. Chupa kubwa zinaingia usiku wa kuamkia, na zinaachiwa nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine.

Umeme ukikosa: beseni, barafu, MAJI, chumvi viganja viwili vitatu. Dakika 15 hadi 20, ukizigeuza geuza, chupa ni baridi. Barafu kavu bila maji inagusa chupa vidoto vidoto tu, utangoja mpaka misa. Na wale wanaotupia chupa kwenye konjela ya kugandishia «dakika kumi tu» kisha wanasahau: bia inaganda chini kidogo ya sifuri, inavimba, chupa inapasuka. Vipande vya glasi wanavipata wateja.

Lakini tusi kuliko yote ni barafu ndani ya glasi. Bia! Na barafu! Ndani! Mtu anakutazama usoni anakuwekea viwili.

Mutoto wa Kamalondo
Ndugu, uzi ni wa mikro.

Baridi Kidogo
Mudomo yako njo mubaya.

Kebo Ndefu
😂😂 Amekatwa kwenye 2 kHz.

Noti Safi
Na mlangoni je? Dola yenye kipasuko cha unywele hawapokei. Dola moja moja hawapokei. Ukitoa ishirini safi, chenji ni faranga zilizochakaa mpaka mnyama aliyechorwa hujui ni chui ao ni mbuzi, na kwa taux, ile bei ya kubadilisha pesa, ya mwaka wa babu yao. Ulizeni taux KABLA ya kuketi, mlipe mlango na meza kwa faranga.

Kunguru Mweusi
Ni huyohuyo fundi siku ya mechi! Penalti ya Mazembe inapigwa, anashusha mtangazaji anaweka ndombolo. Mutu mmoja ameruka na matako kama Kidiaba, yule golikipa wa zamani wa Mazembe, kumbe ilikuwa marudio ya kipindi cha kwanza.

Kalamu ya Bel-Air
Ule mutu ni mwenye uzi.

Mutoto wa Kamalondo
Siye mimi!!

Bukari ya Moto
Muniache niseme ya maana. Michopo, ile mbuzi ya kuchoma, ya nje pale. Wanakupimia kilo ikiwa imeiva ao mbichi? Hamjui. Mbuzi motoni inapoteza robo ya uzito, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo kilo inapimwa mbichi, mbele ya macho, na mifupa isipite nusu. Na huyu wa pale anaweka nyama kwenye makala, yaani makaa, yenye ndimi za moto. Mafuta yanadondoka, moto unaruka, nje nyeusi, ndani inalia mee. Makala yangojewe yavae majivu meupe, ndipo nyama. Chumvi mwanzoni, pilipili na kitunguu kibichi mwishoni. Ukitaka ya kweli nenda mtaa wa Katuba.

Vifuniko Kumi
Katuba wanakata kitunguu kama kuni.

Bukari ya Moto
Kitunguu kikubwa ni heshima. Kidogo ni cha hospitali.

Noti Safi
Cha hospitali 😂 Lakini bukari yao, ule ugali, ni nzuri, ngumu, haishiki vidole.

Papa wa Kenya
Bukari ikishika vidole, hiyo ni uji.

Mutoto wa Kamalondo
Jamani. Kwa mara ya mwisho. Dakika saba za kisa, neno la mwisho hatujalisikia hata leo, mama mkwe alimjibu nini yule mbuzi hatujui, juu ya bafle mbili ukutani na mtu mwenye miwani usiku anayesema mudomo njo mub… Hiyo michopo ya Katuba inafunga saa ngapi?

Bukari ya Moto
Makala ikiisha. Kuja na faranga.