MJADALA: Mwandishi akishinda tuzo nje, nauli ni ya nani?

Chapa Ilale
Wadau, heshima kwenu. Kuna mwandishi wa hapa Dar, jina tuliache, kitabu chake kimepata tuzo Ujerumani. Barua ya waandaaji inasema: hoteli siku tatu juu yao, tiketi ya ndege anunue mwenyewe, atarudishiwa akishafika na risiti, viza, bima na mizunguko ya mjini atajijua. Hela ya tuzo inaingia benki baada ya hafla. Mwandishi hana cha kutanguliza. Naomba tujadili kitu kimoja tu: Serikali ibebe safari hii, au ni shauri lake na mchapishaji wake? Maana timu zikitoka kucheza nje hatuulizani.

Konda wa Mbagala
Shauri lake. Kodi ya muuza mihogo wa Rangi Tatu haiwezi kumpeleka mtu Ulaya akapigwe picha na kombe la kioo. Waliompa tuzo wamalizie na nauli.

Dada wa Sinza
Muuza mihogo leo kapata mtetezi! Goli la Mama, ile zawadi ya Rais Samia, lilipoanza 2023, milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, hukumkumbuka. Huyu anaomba tiketi moja, tena ya kurudishiwa.

Konda wa Mbagala
Dada yangu, goli linajaza Uwanja wa Mkapa. Riwaya imejaza nini? Panda daladala Mbagala mpaka Kariakoo uone kama utakuta mtu ana kitabu mkononi.

Nahodha Mstaafu
Goli la Mama liacheni lilivyo. Na hiyo 5 ilikuwa ya kuanzia tu, hatua za mbele dau lilipanda. Mambo ya vitabu yajadiliwe bila kumgusa Mnyama, Simba yetu.

Fundi Viza
Mnagombania nauli bure. Kitakachomkwamisha ni huo utaratibu wa kununua kwanza, kurudishiwa baadaye. Afisa wa ubalozi akisoma barua hiyo anaelewa kwamba mwombaji anajigharamia, hivyo anaitafuta hela kwenye taarifa ya benki ya miezi mitatu. Hapo ndipo watu wanakopa milioni nne kwa shemeji, zinaingia Jumatatu, Alhamisi taarifa inachapwa. Akaunti ilikuwa imelala, ghafla imeota mlima. Jibu linarudi na alama kwenye kile kisanduku cha kutilia shaka kama mwombaji atarudi kwao.

Dawa yake ni rahisi: waandaaji wanunue tiketi wenyewe. Wanayo bajeti hiyohiyo, tofauti ni nani anatoa kwanza. Halafu barua iandikwe upya: majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe ya kuingia na kutoka, anwani ya ukumbi na ya hoteli, nani analipa nini, saini, na simu ya mtu ambaye ukipiga anapokea. Wakitaka kuliua kabisa suala la fedha, mwenyeji anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake anasaini Verpflichtungserklärung, yaani ahadi rasmi kwamba gharama za mgeni ni juu yake. Ile karatasi halisi itumwe kwa kurie. Picha ya WhatsApp haitoshi.

Mengine: ada ya viza ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zenye viza moja, ni euro 90 tangu Juni 2024, ukinyimwa hairudi. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000 na iwe ya nchi zote za Schengen, siku zote za safari. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kule, na kurasa mbili tupu. Maombi yanafunguliwa miezi sita kabla na mwisho ni siku 15 kabla. Hizo 15 ndizo zinazoua watu, maana uamuzi huchukua siku 15 na wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kufika 45. Wakati wa kuomba apeleke bukingi tu, tiketi ilipiwe viza ikishatoka.

Konda wa Mbagala
Mlima wa ghafla 😂 Watu na mashemeji zao.

Mzee wa Kichwele
Karatasi zote hizo za nini? Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipokwenda Stockholm kuchukua Nobel ya Fasihi mwaka 2021, si ubalozi wetu ulishughulika? Huyu naye apewe heshima hiyo.

Karani wa Upanga
Shikamoo mzee. Hapo umechanganya madesa kidogo. Gurnah hakwenda Stockholm. Korona ilikuwa imefuta hafla ya washindi kule, medali na cheti alikabidhiwa London, kwenye makazi ya balozi wa Sweden, tarehe 6 Desemba 2021. Anaishi Canterbury, hapo ni treni tu. Viza hakuhitaji, yule ni raia wa Uingereza.

Mpemba Mkavu
Hilo la "raia wa Uingereza" naona mnalitamka kwa raha kubwa. Kazaliwa Unguja 1948, kaondoka kijana baada ya Mapinduzi, na sababu za kuondoka kila mwenye akili anazijua. Leo kafanikiwa mnamtolea vyeti. Angekuwa kafungwa jela huko, mngesema ni Mzanzibari.

Konda wa Mbagala
Sheria haina hisia, shehe. Sheria ya Uraia ya 1995: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania umekwisha. Nauli ya raia wa kigeni haituhusu.

Dada wa Sinza
Konda, nani amekuomba nauli ya Gurnah?!

Mpemba Mkavu
Na iwe hivyo basi. Viongozi waliompongeza siku ile, wa huku na wa huko, walikuwa wanampongeza Muingereza? Mngewaambia wafute.

Mzee wa Kichwele
Marahaba Karani, nilichosoma wakati ule kilikuwa Stockholm. Lakini hoja yangu haikuwa ukumbi. Mbona anaandika Kiingereza tunamwita wetu, na wanaoandika Kiswahili hapa Ilala hatuwajui hata majina?

Dada wa Sinza
Mzee, riwaya yake moja iko kwa Kiswahili. Kaitafsiri Ida Hadjivayanis, imetolewa na Mkuki na Nyota, hapahapa Dar, 2022. Anayetaka kujua kama ni wetu aisome kwanza ndiyo aje abishane.

Konda wa Mbagala
Mimi nisome riwaya ndiyo niruhusiwe kuijua sheria? Umechemka.

Mpemba Mkavu
Kusoma kusingekudhuru.

Nahodha Mstaafu
Huu uzi sasa wa Muungano. Naleta kahawa.

Chapa Ilale
Jamani. Nauli. Ujerumani. Na nyongeza: mwandishi mwenyewe kitabuni anatumia jina la kalamu, na barua ya mwaliko imetoka kwa jina hilohilo. Fundi, kuna tatizo?

Mhariri Mkongwe
Fundi aniwie radhi, hili la upande wetu. Tatizo lipo, tena kubwa kuliko nauli. Jina la kalamu likiingia kwenye tiketi, mtu haondoki. Pale kaunta jina la tiketi linalinganishwa na pasipoti herufi kwa herufi. Mashirika mengi hayabadilishi jina, yanakutaka ununue upya. Kwa hiyo kwanza barua irudi kwa waandaaji: jina la pasipoti litangulie, kisha "anayeandika kwa jina la fulani". Pili, mchapishaji aandike barua yenye nembo kuthibitisha kuwa mwenye pasipoti namba fulani ndiye mwandishi wa kitabu fulani, aambatishe ukurasa wa mkataba wenye majina yote mawili. Tatu, kiapo cha majina mbele ya wakili. Nakala moja ya kitabu iende ubalozini pamoja na fomu, ifunguliwe ule ukurasa wa hakimiliki. Kuna wachapishaji wanaoandika pale jina halisi la mwenye haki hata kama jalada lina la kalamu, hapo kazi imekwisha.

Na kwa kuwa mwandishi hana barua ya mwajiri, aonyeshe kinachomrudisha: TIN, taarifa ya mrabaha, taarifa ya miamala ya M-Pesa kama anauza vitabu mkononi, mkataba wa kitabu kinachofuata wenye tarehe ya kukabidhi mswada. Huo wa mwisho unasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Karani wa Upanga
Mmesahau BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kanuni za 2018 zinamtaka msanii anayekwenda kufanya onyesho nje awe na kibali.

Dada wa Sinza
Kupokea tuzo ni onyesho? Atacheza singeli?

Karani wa Upanga
Akipanda jukwaani akasoma kurasa mbili mbele ya watu waliolipa kiingilio, wewe unaita nini? Sisemi ni lazima. Nasema aandike barua BASATA, pale Sharifu Shamba, aulize, ajibiwe kwa maandishi, abaki na nakala. Kuliko kuulizwa kaunta ya Uhamiaji begi likiwa limeshaingia.

Konda wa Mbagala
Ndiyo hayo sasa. Mnataka Serikali ilipe, Serikali ikilipa inakuja na msafara. Mwandishi mmoja, mkurugenzi, msaidizi wa mkurugenzi, mpiga picha, na wa kubeba mkoba wa mpiga picha. Posho ya hao watano inachapa toleo zima.

Dada wa Sinza
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Konda, na ninaumia.

Mzee wa Kichwele
Serikali nayo msiipake matope tu. Ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu, mshindi wa kwanza anapata milioni 10. Inatolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Na ipo ile ya mabati, dola 15,000.

Karani wa Upanga
Hizo 15,000 ni jumla ya zawadi zote, mzee, haziendi kwa mtu mmoja. Ilianzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell. Mswada wa Kiswahili unatosha, wala hauhitaji kuwa umechapwa.

Dada wa Sinza
Yaani kiwanda cha mabati kinawajua waandishi wa Kiswahili kuliko wizara. Na mkitaja Mfuko wa Utamaduni, ule unatoa mikopo. Ukope, uende Ulaya upige makofi, urudi ulipe riba.

Mpemba Mkavu
Mimi nauliza: lazima aende? Gurnah kapokea karibu na kwake na dunia haikuanguka. Wamtumie hela na kile kioo.

Mhariri Mkongwe
Ndugu yangu, kioo hakina kazi. Kazi iko siku ya pili, asubuhi, kwenye meza ya chai. Pale ndipo wachapishaji wa kule wanaulizia haki za tafsiri, na mwandishi asiyekuwepo anaongelewa na watu wengine. Aende, ila asisaini kitu mezani. Ajue anauza lugha ipi, nchi zipi, miaka mingapi, na asilimia ngapi inarudi kwake na ngapi kwa mchapishaji wa Dar. Mikataba mingi ya hapa ina kifungu kinachompa mchapishaji mgao wa haki za tafsiri na mwandishi hajawahi kukisoma.

Konda wa Mbagala
Ahaa! Kumbe mchapishaji ana mgao. Basi nauli imepata mwenyewe. Mhariri, toa.

Mhariri Mkongwe
Toleo la nakala 1,000 ambalo nusu liko stoo linatoa nauli gani, mwanangu? Njoo ununue hizo 500 tuzungumze.

Konda wa Mbagala
Stoo zenu zimejaa kwa sababu bei zenu hazishikiki.

Mhariri Mkongwe
Bei ni karatasi, na karatasi inakuja na meli. Wewe nauli ya Mbagala ikipanda unailaumu daladala au mafuta?

Chapa Ilale
Kabla hamjahamia bei ya karatasi: waandaaji wamejibu, watanunua tiketi. Mwandishi anauliza vitu viwili. Amealikwa pia London siku mbili katikati, halafu anarudi Ujerumani kupanda ndege. Pia fomu ya malipo ya tuzo inadai IBAN, ile namba ndefu ya akaunti wanayotumia Ulaya, na benki yake haina.

Fundi Viza
London ni viza nyingine kabisa. Uingereza haimo Schengen, na wao kwa kawaida huchukua kama wiki tatu. Pasipoti ni moja, haiwezi kukaa balozi mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo apange ipi itangulie. Na akitoka Ujerumani kwenda London, viza ya kuingia mara moja imekwisha, hataruhusiwa kurudi. Aombe ya kuingia zaidi ya mara moja na aambatishe mwaliko wa London kama sababu. Muda ukiwa mfupi, London aiache.

Kuhusu benki: Tanzania hatutumii IBAN, hakuna benki hapa inayoitoa. Awaandikie waandaaji watumie namba ya akaunti, SWIFT ya benki, yaani msimbo wake wa kimataifa, jina na anwani ya tawi. Jina la akaunti liwe la pasipoti, wakituma kwa jina la kalamu hela inarudi Ujerumani na makato juu. Akaunti ya euro ni bora kuliko ya shilingi, atabadilisha mwenyewe siku anayotaka. Na awaombe gharama zote za kutuma zikatwe upande wao, vinginevyo kila benki ya njiani itanyofoa chake.